Sadaka Iliyotenguliwa



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuliweka kando somo tulilokuwa tukiendelea nalo, ili tujibu swali ambalo vijana wetu wa VIWAWA wametuuliza zaidi ya mara moja, nao wameliuliza kwa uchungu usio wa mzaha: je, mtunzi wa hadithi aweza kuwadhulumu wale waliomsikiliza kwa uaminifu? Swali lenyewe lilizaliwa na filamu, na bila shaka wapo miongoni mwenu watakaoshangaa kumwona padre akitumia nafasi hii kuzungumzia mashine zinazowakimbiza watu kwa bunduki. Tunawasihi mvumilie kidogo. Vijana wetu hukaa mbele ya hadithi za namna hii kwa saa nyingi kuliko wanazokaa mbele ya mahubiri yetu, na si haki tuzikatae hadithi hizo pasipo kuzitazama.

Filamu inayohusika ni Terminator: Dark Fate, iliyotolewa mwaka 2019 na kuongozwa na Tim Miller. Ni ya sita katika mfululizo ulioanza mwaka 1984, na kwa maoni yetu ndiyo inayosikitisha kuliko zote sita. Hatusemi kwamba ndiyo mbaya kuliko zote. Zipo mbaya zaidi, nazo tutazipitia haraka kwa kuwa hazistahili muda wetu mwingi. Hii inasikitisha kwa sababu ilikuwa na kila kitu mkononi, kisha ikakitupa katika dakika zake za kwanza.

Kwa ajili ya wazee wetu wasioifahamu hadithi hii, hatuna budi kuanzia mwanzo. James Cameron, mzaliwa wa Kanada, alikuwa bado mwongozaji asiyejulikana alipougua homa mjini Roma, akaota kiunzi cha mtu kilichotengenezwa kwa chuma kikijivuta kutoka katika moto. (Wengine huenda Roma wakarudi na rozari iliyobarikiwa, yeye alirudi na jinamizi, nalo likamtajirisha.) Aliandika hadithi yake kwa kushirikiana na Gale Anne Hurd, akamwuzia mama huyo haki zake kwa dola moja tu, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeiongoza filamu. Ikapatikana The Terminator, kazi iliyogharimu takriban dola milioni 6.4, fedha ndogo kwa filamu ya aina hiyo.

Kisa chake ni chepesi kueleza. Katika mwaka 2029 mashine zenye akili, zikitawaliwa na mtambo uitwao Skynet, zimekaribia kuwamaliza wanadamu, lakini zinashindwa na kiongozi mmoja aitwaye John Connor. Kwa kuwa haziwezi kumshinda akiwa mtu mzima, zinamtuma muuaji wa chuma aliyevikwa nyama na ngozi ya binadamu, arudi nyuma hadi Los Angeles ya mwaka 1984, akamwue mama yake kabla hajachukua mimba. Mama mwenyewe, Sarah, ni msichana tu, mhudumu wa mgahawa, asiyejua lolote. Naye John anamtuma askari wake Kyle Reese akamlinde. Kyle anampenda Sarah, anakuwa baba wa yule yule aliyemtuma, kisha anakufa akimlinda. Hatuhitaji shahada ya teolojia kuusikia mwangwi wa mambo tunayoyajua: msichana wa kawaida anayeletewa habari ya mtoto atakayewaokoa watu, adui anayetaka kumwangamiza mtoto kabla hajazaliwa, hata herufi za kwanza za jina la mwokozi huyo, J na C. Ni kweli kwamba ndizo pia herufi za kwanza za jina la Cameron, kwa hiyo tusikimbilie kumfanya mwinjilisti.

Mwaka 1991 ikafuata Terminator 2: Judgment Day, yaani Siku ya Hukumu. Hii ndiyo filamu ambayo vijana wetu waliipenda, na ndiyo sababu ya uchungu wao. Gharama yake ilifika takriban dola milioni 100, ikajipatia tuzo nne za Oscar, na mapato yake ya tiketi yalizidi dola milioni 500. Watu wengi wanaikumbuka kwa ajili ya yule adui wa zebaki, aliyeigizwa na Robert Patrick, anayeyeyuka na kujiunda upya, na kwa hakika ilikuwa ajabu kubwa ya kiufundi kwa wakati wake. Sisi tunaikumbuka kwa jambo jingine. Katika filamu hii kila mmoja analipa gharama.

Tazameni wenyewe. Sarah amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu anasema kwamba tarehe 29 Agosti 1997 mabomu ya nyuklia yataua watu bilioni tatu, na hakuna anayemwamini. Mwanawe, mwenye umri wa miaka 10, amelelewa na watu baki akiamini kwamba mama yake ni mwongo au mwendawazimu. Mashine iliyokuja kuua katika filamu ya kwanza inarudi sasa ikiwa mlinzi, na mtoto huyo, bila kufundishwa na mtu, anaiamuru isimwue mtu yeyote. Sarah mwenyewe, ambaye miaka ya mateso imemfanya afanane na mashine, anaenda usiku nyumbani kwa mhandisi Miles Dyson, ambaye kazi zake ndizo zitakazoizaa Skynet. Anampiga risasi mbele ya mke na mtoto wake, kisha bunduki inamshinda mkononi, hawezi kumalizia. Anakaa sakafuni akilia. Kwetu sisi huo ndio moyo wa filamu nzima. Mama aliyekuja kuua ili kuwaokoa watu anagundua kwamba akiua hivyo atakuwa amekwisha kupoteza kile alichokuja kukiokoa.

Dyson naye, akiisha kuelezwa matunda ya kazi yake, hajitetei kwa kusema kwamba yeye ni mwajiriwa tu. Anakwenda pamoja nao kuiteketeza maabara yake, na anafia humo. Hatimaye, ndani ya kiwanda cha chuma, mashine inatambua kwamba kipande kidogo cha ufundi kilichomo kichwani mwake kinatosha kuanzisha maafa yote upya. Haiwezi kujiangamiza yenyewe; inamwomba Sarah ashike swichi. Mtoto analia na kuikataza. Inamtii katika mambo yote isipokuwa hilo, nayo inashushwa polepole katika chuma kilichoyeyuka.

Cameron alipiga picha za mwisho mwingine, ambamo Sarah ni bibi mzee ameketi bustanini akiwatazama wajukuu wa dunia iliyookoka, na John amekuwa seneta. Aliuacha. Badala yake akatupatia barabara ya usiku, taa za gari zikimulika mita chache tu mbele. Tunadhani alichagua vyema. Aliyeokolewa haonyeshwi safari yote. Anaonyeshwa tu kwamba barabara ipo.

Mintarafu jambo hili la barabara, turuhusuni tuseme neno linalotugusa sisi kwa karibu zaidi. Lugha yetu ina maneno mengi ya kumwondolea mtu wajibu: majaliwa, kudra, ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imefika. Tumeyasikia makaburini mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tumewazika watu waliokufa kwa sababu basi lilikuwa bovu na kila abiria alijua kwamba ni bovu, na kabla udongo haujakauka tukasikia kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Mungu. Kanisa halikufundisha hivyo kamwe. Linafundisha kwamba Mungu anajua yote na bado mwanadamu ni huru, na kwamba uhuru huo ni mzito kiasi cha kuweza kuhukumiwa. Filamu ya mwaka 1991, iliyotungwa na watu ambao hawakuwa na nia yoyote ya kufundisha katekisimu, ilisema jambo la jirani sana na hilo. Siku ya Hukumu ya mashine haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa matokeo ya maamuzi, na maamuzi mengine yangeweza kuizuia. Waliizuia. Kyle, Dyson na mashine yenyewe walikuwa bei iliyolipwa.

Tatizo ni kwamba hadithi iliyokwisha haiuzi tiketi. Kampuni ya Carolco, iliyotoa filamu ya pili, ilifilisika mwaka 1995, na tangu hapo haki za hadithi hii zimepita mikono mingi kama shamba lenye kesi. Terminator 3 ya mwaka 2003 ilitangaza kwamba maangamizi hayakuzuiwa, yaliahirishwa tu, na Sarah alikuwa amekwisha kufa kwa saratani ya damu; walau ilikuwa na ujasiri wa kumaliza kwa mabomu kurushwa kweli. (Mwaka huo huo Arnold Schwarzenegger alichaguliwa kuwa gavana wa California, jambo ambalo mtunzi yeyote angeambiwa halisadikiki.) Terminator Salvation ya mwaka 2009 ilikuwa vumbi na kelele, na kampuni yake nayo ikafilisika mwaka huo huo. Terminator Genisys ya mwaka 2015 ilimgeuza John Connor mwenyewe kuwa mashine adui, na tangazo la filamu likaitoboa siri hiyo kabla mtu hajakata tiketi. Tukiachie hapo.

Ndipo zikaja habari njema. Cameron anarejea kama mtayarishaji na mmoja wa watunzi wa kisa. Linda Hamilton, aliyekuwa Sarah wa kweli, anarejea kwenye skrini katika nafasi hiyo baada ya miaka 28, akiwa na umri wa miaka 63, mvi zake na mikunjo yake vikiachwa kama vilivyo. Filamu tatu za katikati zitachukuliwa kana kwamba hazikuwapo, na hadithi itaendelea pale ilipoachwa, kwenye ile barabara ya usiku. Nani asingefurahi?

Wengi wa rika letu tuliifahamu hadithi hii kwa kanda za video, katika vibanda vya mabati ama katika kumbi za shule, televisheni moja kwa macho mia moja, na mara nyingine mtafsiri akiyaweka maneno ya Kiingereza katika Kiswahili chake mwenyewe chenye chumvi nyingi. Katika vibanda vile kulikuwa na kanuni moja isiyoandikwa popote: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, hafi. Akilazimika kufa, na afe mwishoni, na kifo chake kiwe na kazi. Watu wenye elimu wameicheka kanuni hii. Sisi tunadhani ina hekima ndani yake, kwa kuwa inadai kwamba mateso ya mtu yasiwe bure.

Dark Fate inaanza ufukweni, nchini Guatemala, mwaka 1998. Siku ya Hukumu imepita bila kutokea. Sarah na mwanawe wameketi mezani wakipumzika, sura zao za ujana zikiwa zimerudishwa kwa ustadi mkubwa wa kompyuta. Anatokea muuaji mwingine wa mtindo ule ule wa zamani, aliyekuwa ametumwa kabla Skynet haijafutika, naye anatekeleza amri iliyobaki bila mwenyewe. Anampiga John risasi, anageuka, anaondoka. Yote hayo yanakwisha kabla mtazamaji hajaketi vizuri. Kisha tunarushwa hadi Mexico City, miaka 22 baadaye, kuanza hadithi nyingine.

Vijana walituambia kwamba walipofika hapo walitazamana tu.

Kuna jambo la ajabu hapa ambalo hatuwezi kulipita. Mwaka 1986 Cameron aliongoza Aliens, filamu ya pili katika mfululizo mwingine maarufu, ambamo mwanamke aitwaye Ripley anashuka hadi katika shimo la mazimwi ili kumtoa mtoto mmoja, Newt, na anafaulu. Mwaka 1992 wengine wakatengeneza Alien 3, na katika dakika zake za mwanzo wakatujulisha kwamba mtoto yule amekufa usingizini, katika ajali ya chombo. Cameron aliukosoa uamuzi huo hadharani, na alikuwa na haki kabisa. Miaka 27 baadaye jina lake limo katika filamu iliyotenda jambo lile lile, na safari hii mtoto alikuwa wa kwake mwenyewe.

Watetezi wa filamu hii wana hoja, nayo si ya kipuuzi. Wanasema kwamba maisha ndivyo yalivyo: mtu anaokoka vita kisha anauawa na mlevi wa pikipiki, kwa nini hadithi isiseme ukweli huo? Tunakubali kwamba hadithi ina haki ya kusema hivyo. Lakini yenye kusema hivyo inatakiwa ibaki pale ilipoanguka damu. Hii haibaki. Inakiondoa kifo cha John njiani kama mtu anavyoondoa kiti ili wageni wapite, kwa sababu inamhitaji Sarah mwenye hasira na haimhitaji mwanawe. Kisha inatuarifu kwamba Skynet ilifutika kweli, ila mahali pake patakuwa na mtambo mwingine uitwao Legion, utakaofanya yale yale, utakaotuma muuaji yule yule, kumfuata kiongozi yule yule mwenye jina jingine, binti wa Mexico aitwaye Dani Ramos. Basi ile kazi yote ya mwaka 1991 ilibadilisha nini? Majina. Hata jina la filamu linakiri kwamba tumerudishwa kwa majaliwa, tena majaliwa ya giza.

Wapo waliosema kwamba filamu ilianguka kwa sababu iliwaweka wanawake watatu mbele. Hatukubaliani nao. Filamu mbili za kwanza zilisimama juu ya mabega ya mwanamke, na hakuna aliyelalamika kibandani. Dani ameandikwa kwa haraka, hiyo ndiyo kasoro yake. Mwanzoni tunamwona kiwandani, ambako kaka yake amenyang'anywa kazi na mashine asubuhi ile ile, naye anakwenda kumtetea kwa msimamizi. Hapo tulikaa sawa kwenye kiti. Mwaka 1984 mashine ya kuogopwa ilikuwa na bunduki. Leo ipo inayokuja kimya kimya na kumwambia baba wa watoto wanne kwamba hahitajiki tena, na sasa hata watu wa maofisini wanaisikia ikipiga hodi kwa jina la akili bandia. Filamu ililigusa jambo hilo kwa dakika chache, mbio za magari zikaanza, kaka akauawa, na halikutajwa tena.

Lakini hasara kubwa kuliko zote imo katika nusu ya pili ya filamu, na hapo ndipo tungependa kukaa.

Yule muuaji wa ufukweni, akiisha kutimiza amri yake, alibaki duniani bila bwana wala kazi. Miaka ikapita. Akakutana na mama mmoja na mtoto wake mdogo, waliokuwa wakiteswa na mume wa mama huyo, akawahifadhi. Akajiita Carl. Anaishi Texas, anafanya biashara ya mapazia, amemlea mtoto yule hadi kuwa kijana. Katika kumlea, anasema, alianza kutambua ni kitu gani alichomnyang'anya Sarah. Kwa hiyo kwa miaka mingi amekuwa akimtumia Sarah kwa siri ujumbe wa simu, kumjulisha mahali watakapotua wauaji wengine, ili mama huyo awe na jambo la kuishi kwa ajili yake. Sarah hakujua ujumbe unatoka kwa nani. Anafika mlangoni, mlango unafunguliwa, na anayefungua ni uso ule ule uliomwua mwanawe.

Ndugu wasomaji, mtunzi gani amepewa nafasi kubwa kuliko hiyo? Mama mbele ya aliyemwua mtoto wake. Muuaji asiye na roho, walau kwa hesabu zetu, ambaye kwa kulea mtoto wa mtu mwingine amejikuta na kitu kinachofanana na dhamiri. Je, mashine inaweza kutubu? Je, majuto yasiyo na machozi ni majuto? Mama anadaiwa nini? Yeye anasema tu kwamba kazi hii ikiisha atamwua, naye Carl anakubali bila kujitetea. Hamilton anaigiza dakika zile kwa shingo na taya peke yake, hasemi mengi, nasi tuliona humo ukweli zaidi kuliko katika milipuko yote.

Tunasema ukweli kwa sababu tumeuona. Yupo mama mmoja, hatutasema wa kigango gani, ambaye kijana wake aliuawa, na aliyeua alimaliza kifungo chake akarudi kuishi ng'ambo ya mto. Kwa miaka mingi mama huyo alizunguka njia ndefu kwenda sokoni ili asipite mbele ya mlango ule. Watu wema walimhimiza asamehe, baadhi yao wakiwa na haraka kama ya watu wanaotaka kuwahi gari. Yeye alikuwa akitujibu kwamba anaomba kila siku apewe hamu ya kusamehe, maana hamu yenyewe hana. Siku moja alipita njia fupi. Hakuingia, hakusalimia, alipita tu. Tangu siku ile tumeacha kuitaja samehe sabini mara saba kana kwamba ni hesabu ya darasa la tatu.

Filamu ilikuwa na mama wa namna hiyo, na ilimpa muda gani? Kitambo kidogo sebuleni, kisha mzaha juu ya mapazia, kisha mzaha mwingine juu ya mapazia, kisha ndege inaanguka, gari linazama kwenye bwawa, na mashine inapigana na mashine. Mizaha yenyewe si mibaya. Schwarzenegger anajua kuisema kwa uso mkavu. Ila imewekwa mahali ambapo palistahili ukimya. Mwishoni Carl anajitupa pamoja na adui katika maangamizi, akimtaja John, na filamu inataka tuelewe kwamba deni limelipwa. Labda limelipwa. Sarah hakuulizwa.

Hapo ndipo tunaporudi kwa swali la vijana. Mtunzi ana haki ya kumwua mtu yeyote katika hadithi yake. Ni ya kwake. Hali kadhalika hatudai kwamba kila mwendelezo ufurahishe. Dhuluma iko mahali pengine: kuwaambia watu mwaka 1991 kwamba sadaka hii imetosha, wakalia nawe, wakatoka kibandani wakiwa watu bora kidogo kwa jioni moja, kisha mwaka 2019 kuwaita tena kwa sauti ile ile na sura zile zile, na kuwaeleza kwamba haikutosha, maana kuna tiketi za kuuzwa. Aliyewahi kutoa kitu chake cha thamani, akakikuta kimetupwa nyuma ya nyumba ya aliyempa, anaijua ladha yake mdomoni. Tukiwajibu vijana kwamba ni filamu tu, tutakuwa tunawafundisha kwamba machozi yao ya kwanza nayo yalikuwa ya bure.

Watazamaji walijibu kwa njia yao. Filamu iliyogharimu zaidi ya dola milioni 180 kutengenezwa, mbali na matangazo, ilikusanya takriban dola milioni 261 tu duniani kote, na kwa kuwa majumba ya sinema huchukua sehemu kubwa ya fedha hizo, hasara ya wenye mali ilikadiriwa kuvuka dola milioni 100. Mwaka 2024 hadithi ilijaribiwa tena kwa katuni za Kijapani, chini ya jina Terminator Zero, na haikupata msimu wa pili.

Mwisho wa Dark Fate unamwonyesha Dani amesimama kwenye uzio wa kiwanja cha watoto, akimtazama msichana mdogo anayecheza humo. Msichana huyo, Grace, ndiye atakayekua, atakayetumwa kutoka wakati ujao, na atakayekufa akimlinda. Tumekwisha kumwona akifa dakika chache zilizopita. Dani anaapa kwamba safari hii hatamwacha afe kwa ajili yake, na Sarah anamjibu kwamba basi hana budi kujiandaa. Wanaingia garini wakaondoka. Zilikuwa zimepangwa filamu mbili za kuendeleza kisa hicho, nazo hazikutengenezwa. Kwa hiyo Grace bado yuko kiwanjani, na wale wanawake wawili bado wako njiani, na mpaka leo hakuna aliyemwuliza Sarah kuhusu mwanawe.